MRI ya haraka: koili, hesabu au akili mnemba? Namna ya kuchagua

Mzee wa miaka sabini na kitu, mgongo unamuuma, amelala chali ndani ya sumaku ya MRI. Dakika tatu za kwanza anavumilia. Ya nne naona kwenye kamera vidole vya mguu vinaanza kucheza, halafu goti linapanda. Nabonyeza kipaza sauti: "Baba, tulia kidogo tu, tunamalizia." Ananijibu kwa sauti iliyochoka, "Mwanangu, bado tu?" Sikwensi ile, yaani seti ile moja ya picha, imeshaharibika. Kuirudia ni kumwongezea dakika nyingine tano juu ya mgongo uleule unaouma.

Wengi hudhani kasi ya MRI ni habari ya foleni iliyoko nje. Foleni ipo, tena ndefu. Lakini sisi tunaokaa chumba cha kontroli tunajua kwamba kasi ni sehemu ya ubora wa picha: mgonjwa aliyetulia dakika mbili hutoa picha safi kuliko aliyejikaza dakika sita. Kwa hiyo siku ya kununua mashine au kuiongezea programu, daktari wa radiolojia, mpigapicha na mhasibu hujikuta mezani na karatasi yenye majina mengi ya njia za kuharakisha. Kila jina linaahidi nusu ya muda, na kila jina lina bei yake. Nawaandikia watu wa meza hiyo.

Kwanza tuelewane kwa nini MRI inachelewa. Mashine haipigi picha kama simu. Inasikiliza mawimbi ya redio yanayotoka mwilini, inayarekodi mstari mmoja mmoja, na kuipanga mistari hiyo katika jedwali ambalo wanafizikia huliita nafasi ya k. Mistari ya katikati ya jedwali hubeba weusi na weupe wa jumla, ya pembeni hubeba ncha na kingo. Jedwali likijaa, hesabu ya Fourier inaligeuza kuwa picha. Chukua T2 ya kawaida (sikwensi ambamo maji huonekana meupe) yenye TR, yaani muda kati ya mpigo mmoja na unaofuata, ya sekunde 4 na mistari 320, kila TR ikichukua mistari 16, na yote ikirudiwa mara mbili ili kupunguza chenga. Hiyo ni TR 20, mara sekunde 4, mara mbili: sekunde 160. Na hiyo ni sikwensi moja tu kati ya tano au sita za kipimo kimoja.

Njia zote nitakazozieleza zinafanya jambo moja: zinakusanya mistari michache, kisha zinajaza iliyorukwa. Zinapotofautiana ni mahali zinakotoa kile zinachojazia. Hapo ndipo pa kuchagulia, kwa sababu kila chanzo kina wagonjwa ambao kinawafaa na wagonjwa ambao kinawasaliti.

Maswali ya kuipimia kila njia

Nitaziuliza zote maswali yaleyale. Mistari iliyorukwa inajazwa kwa kutegemea nini? Muda unapungua kiasi gani kweli, na picha inalipa nini? Njia ikishindwa, kosa linaonekana au linajificha? Inataka vifaa gani na fedha gani? Mwisho, inamfaa nani? Swali la tatu kwangu ndilo zito kuliko mengine. Picha mbovu inayoonekana ni mbovu hurudiwa. Picha mbovu inayoonekana nzuri huandikiwa ripoti.

Nusu Fourier: ile ambayo tayari unayo

Hii nitaipita haraka, maana imo karibu katika kila mashine na haiuzwi peke yake. Jedwali la data lina ulinganifu: upande wa juu na wa chini hufanana kama uso na kioo. Unaweza basi kukusanya sehemu sita kati ya nane, na hesabu ikakisia mbili zilizobaki kutokana na ulinganifu huo. Robo ya muda inaondoka. Picha inalipa kwa chenga kidogo, na kwa ukungu pale ambapo uga wa sumaku haujatulia, kama karibu na chuma au kwenye vyumba vya hewa vya pua. Kosa lake huonekana mara nyingi, kwa sababu ukungu ni ukungu. Ikiunganishwa na upigaji wa mpigo mmoja, kipande kizima cha picha hupatikana ndani ya sekunde moja hivi. Ndiyo njia ya zamani ya kupata mirija ya nyongo kwa mtu asiyeweza kubana pumzi, au kijusi kinachogeukageuka tumboni. Kabla ya kununua chochote, fungua protokali zako uone kama umeitumia ipasavyo.

Upigaji sambamba: koili zinasaidiana

Koili ya kichwa au ya goti si antena moja. Ndani yake kuna antena nane, kumi na sita, au zaidi, na kila moja inasikia vizuri sehemu iliyo karibu nayo. Ukiruka mstari mmoja kati ya kila miwili, picha inajikunja, kisogo kinaangukia juu ya paji la uso. Lakini kwa kuwa kila antena imekiona kisogo na paji kwa nguvu tofauti, hesabu inaweza kuvitenganisha tena. Kinachojazia hapa ni vipimo vya kweli vya mgonjwa huyuhuyu, vilivyosikiwa kutoka pembe tofauti.

Daniel Sodickson na Warren Manning waliifungua njia mwaka 1997. Mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake wa Zurich wakaleta SENSE, inayokunjua picha kwa kutumia ramani ya usikivu wa kila antena. Mwaka 2002 Mark Griswold na wenzake wa Würzburg wakaleta GRAPPA, inayojaza mistari ndani ya jedwali lenyewe, ikijifunza kutoka mistari michache ya katikati ambayo hairukwi. Watengenezaji wana majina yao ya biashara, lakini ukifunua pazia mara nyingi utakutana na mojawapo kati ya hizo mbili au mchanganyiko wake.

Turudi kwenye T2 yetu ya sekunde 160. Tukiruka nusu ya mistari tunabaki na 160, lakini GRAPPA ikitaka mistari 24 ya katikati iwe kamili, inakuwa 172. Hiyo ni TR 11, na muda ni sekunde 88, si 80 kama kipeperushi kinavyosema. Ukipandisha kasi hadi mara nne, mistari inakuwa 98, TR 7, sekunde 56. Muuzaji atakwambia robo, na wewe utapata zaidi kidogo ya theluthi.

Picha nayo inalipa. Ishara hushuka kwa kipeuo cha pili cha kasi: kwa kasi ya mara mbili unabaki na asilimia 71 ya ubora wa ishara dhidi ya chenga, kwa mara nne unabaki na nusu. Juu ya hapo kuna adhabu nyingine inayotokana na mpangilio wa koili, ambayo wataalamu huiita kipengele g, nayo huuma zaidi katikati ya mwili, mbali na antena zote. Kwa picha za vipande vya kawaida, kasi ya mara mbili ni salama, ya tatu inataka koili nzuri, na ya nne huwa naiogopa isipokuwa kwenye picha za pande tatu, ambapo unaweza kugawa kasi katika mielekeo miwili.

Ikishindwa, inasema. Hospitali moja niliyofanya kazi, koili ya goti yenye chaneli nane ilikufa chaneli moja bila mtu kujua. Picha zisizoharakishwa zilionekana na kivuli kidogo upande wa nje, kila mtu akazizoea. Siku tulipowasha kasi ya mara mbili, mkanda wa chenga ukapita katikati ya gegedu, na ukingo wa ngozi ukaonekana hafifu ndani ya mfupa. Hakuna daktari ambaye angeiandikia ripoti picha ile. Tulipima koili jioni hiyohiyo na kuikuta ina ugonjwa.

Faida nyingine inasahauliwa mezani. Kwenye picha za kiharusi, zile za msambao wa maji zinazopigwa kwa EPI (upigaji wa haraka sana unaochukua kipande kizima kwa mpigo mmoja), upigaji sambamba hupunguza pia kupinda kwa picha, kwa sababu data ya kila kipande hukusanywa upesi kabla uga wa sumaku haujaivuruga. Shina la ubongo na chini ya paji hurudi mahali pake. Hapo hata kama huna haraka, washa.

Inafaa karibu kila kituo chenye mashine ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) na koili zenye afya. Haimfai mwenye koili ya antena moja, wala mwenye mashine ya nguvu ndogo ambaye chenga ndizo shida yake tangu mwanzo.

Kubana data: hesabu inayotegemea urahisi wa picha

Unapotuma picha kwa WhatsApp, simu hutupa sehemu kubwa ya data, na bado shangazi anamtambua mtoto. Mwaka 2006, kazi za Emmanuel Candès, Justin Romberg na Terence Tao upande mmoja, na David Donoho upande mwingine, zilionyesha kwamba data ambayo ingekuja kutupwa, nyingi yake haina haja ya kukusanywa kabisa. Mwaka uliofuata Michael Lustig, Donoho na John Pauly wa Stanford wakaiingiza kwenye MRI. Kwa kuwa mashine huandika CS (kifupi cha jina lake la Kiingereza, compressed sensing) kwenye skrini, na mimi nitaiita hivyo.

Kinachojazia hapa ni imani kwamba picha ya mwili ni rahisi kuliko inavyoonekana, yaani inaweza kuelezwa kwa namba chache. Mistari hurukwa kwa kubahatisha, si kwa mpangilio, ili kujikunja kugeuke kuwa kitu kama chenga. Kisha kompyuta inazunguka mara nyingi: inasafisha chenga, inarudi kulinganisha na mistari iliyopimwa kweli, inasafisha tena. Karibu kila mara hutumika pamoja na upigaji sambamba.

Muda inaouokoa hutegemea sana unapiga nini. Kwenye vipande vya kawaida vyenye mwelekeo mmoja wa kuruka, faida yake ni ndogo, na hili ndilo watu hawaambiwi. Inang'ara kwenye picha za pande tatu na zinazokwenda na wakati: mishipa ya damu ya kichwa, mirija ya nyongo, moyo unaopiga, ini baada ya kontrasti, dawa ya kung'arisha picha. Mwaka 2017 ndipo FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilipoanza kuruhusu matoleo ya biashara, ya kwanza yakiwa ya moyo. Lakini nyuma zaidi, Shreyas Vasanawala na wenzake, Stanford, walikuwa tayari wameitumia kwa watoto, na matokeo yakachapishwa 2010. Kwa mtoto, kupunguza dakika ni kupunguza dawa ya usingizi, na mzazi aliyewahi kumkabidhi mwanawe kwa daktari wa usingizi anajua uzito wa maneno hayo.

Ikishindwa, inanong'ona. Ukiibana kupita kiasi, picha inakuwa laini kama imechorwa kwa rangi ya mafuta. Ncha kubwa hubaki, lakini vitu vidogo vyenye tofauti ndogo ya weupe, kama kidonda kichanga kwenye ini au mshipa mwembamba, hufifia na kuondoka. Jicho lililozoea hulitambua umbo hilo la plastiki. Jicho jipya hulisifu kwa kutokuwa na chenga.

Inataka kompyuta yenye nguvu na kadi ya michoro, na kwa kawaida leseni ya ziada. Zamani hesabu ya picha moja ya pande tatu ilichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Sasa kwa mashine mpya ni dakika au pungufu. Uliza tu kama kompyuta inaweza kuendelea kuhesabu huku mgonjwa anayefuata akipigwa, la sivyo muda uliouokoa ndani utaupoteza nje. Chuo chenye mhandisi kinaweza kujifunzia kwa BART, programu huria isiyolipiwa, ingawa si ya kutolea ripoti za wagonjwa.

Inavifaa vituo vinavyopiga moyo, ini, mishipa ya damu na watoto kwa wingi. Kituo ambacho asilimia kubwa ya kazi yake ni mgongo na goti kitailipia na kuitumia mara chache.

Akili mnemba: kumbukumbu ya wagonjwa wengine

Hapa chanzo kinabadilika kabisa. Mtandao neva hufundishwa kwa maelfu ya picha kamili, ukaonyeshwa jinsi picha hizo zinavyokuwa mistari ikirukwa, mpaka ukajua kurudisha iliyokosekana. Kinachojazia, kwa sehemu, ni miili ya watu wengine. Sisemi hivyo kuutia hofu. Hata daktari bingwa husoma picha kwa kumbukumbu ya wagonjwa wengine. Lakini lazima tujue.

Kasi yake ni ya kweli. Mwaka 2018 NYU Langone, hospitali ya Chuo Kikuu cha New York, na watafiti wa Facebook walianzisha mradi wa fastMRI, wakaweka wazi data ghafi ya vipimo zaidi ya 1,500 vya goti ili kila mtu ajaribu. Utafiti wao wa 2020 kuhusu goti ulionyesha kwamba picha zilizoharakishwa mara nne na kujazwa na mtandao ziliweza kusomwa badala ya zile za kawaida. Mwaka huohuo matoleo ya biashara kama AIR Recon DL ya kampuni ya GE yalipata ruhusa ya FDA. Kwa mgongo na maungio, yaani kazi yetu ya kila siku, njia hii inafanya kile ambacho CS ilishindwa: inakata muda wa vipande vya kawaida bila kukuachia chenga.

Ikishindwa, inaweza kunyamaza. Mwaka 2020 Vegard Antun na wenzake walionyesha kuwa badiliko dogo sana kwenye data, lisiloonekana kwa jicho, linaweza kuifanya mitandao fulani itoe picha yenye makosa makubwa. Kwenye shindano la fastMRI la ubongo, baadhi ya picha zilizoshindanishwa zilikuwa na maumbo ambayo mgonjwa hakuwa nayo. Si ukungu wala mkanda. Umbo safi, lenye kingo kali, mahali ambapo hapana kitu.

Na hapa kuna mfano unaotugusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Watafiti walichukua picha za CT za watoto wachanga wenye kichwa maji, wakaziharibu kwa makusudi, wakazisafisha kwa akili mnemba, kisha wakawapelekea madaktari watatu wa upasuaji wa ubongo wa watoto waliozoea kufanya kazi katika nchi zetu. Matokeo yalichapishwa 2021. Picha zilizosafishwa zilionekana kuwa na manufaa zaidi, lakini zilikuwa na makosa ya maumbo yanayoweza kupotosha tiba. Watafiti wakasema picha chafu lakini ya kweli huenda ikawa bora. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kwa kushirikiana na wenzao wa Uholanzi, kiliunda hapo chuoni mashine ya MRI ya nguvu ndogo, takribani militesla 50, ikiwalenga watoto haohao. Kwa mashine ya namna hiyo akili mnemba inavutia kuliko mahali pengine popote, kwa sababu chenga ni nyingi. Kwa sababu hiyohiyo, hapo ndipo inapopata nafasi kubwa ya kubuni.

Usiichukue kana kwamba zote ni moja. Kuna mitandao inayopokea picha iliyokwisha kutengenezwa na kuifuta chenga tu. Kuna mingine inayoingia ndani ya jedwali, na kila hatua inarudi kulinganisha na mistari iliyopimwa, kama CS inavyofanya. Hii ya pili inabanwa na ukweli wa mgonjwa, na mimi huiamini zaidi. Muulize muuzaji ni ipi. Akikosa jibu, omba aletwe mhandisi.

Gharama yake kwa kawaida ni leseni, kompyuta mpya, na wakati mwingine toleo jipya la programu ya mashine nzima. Inawafaa wenye foleni ndefu ya mgongo, goti na ubongo wa watu wazima, na wenye daktari atakayekubali kukaa wiki kadhaa akilinganisha picha za zamani na mpya. Kituo kisicho na mtu wa kufanya ulinganisho huo kingojee.

Kwa hali yako

Kama mashine ina miaka kumi na zaidi na fedha hakuna, anza na koili. Zipime zote chaneli kwa chaneli, rekebisha zilizokufa, kisha pandisha upigaji sambamba hadi mara mbili na uongeze nusu Fourier panapofaa. Nimeona kipimo cha mgongo kikipungua kwa theluthi bila shilingi moja ya leseni, kwa mtu kukaa Jumamosi moja na protokali.

Kama unapiga watoto wengi, na kila mmoja anahitaji dawa ya usingizi, weka CS mbele, hasa kwa tumbo na mishipa ya damu. Ukipewa akili mnemba, uliza kwanza kama watoto walikuwemo kwenye data iliyoufundisha mtandao. Ubongo wa mtoto mchanga haufanani na wa mtu mzima: weusi na weupe wake kwenye T2 na kwenye sikwensi ndugu yake, T1, hukaa kinyume.

Kiharusi cha dharura kinataka upigaji sambamba kwenye EPI, na kama mashine inaweza kupiga vipande kadhaa kwa wakati mmoja, ongeza. Mengine yatasubiri.

Foleni ya miezi ya mgongo na maungio, mashine ya tesla 1.5 ya karibuni, na bajeti ipo: akili mnemba inayoingia kwenye jedwali ndiyo itakayokupunguzia foleni kuliko zote. Bakiza sikwensi moja isiyoharakishwa sana katika kila kipimo kwa miezi ya mwanzo, daktari awe na pa kurejea anapokutana na umbo asilolielewa.

Mgonjwa mwenye nyonga bandia au vyuma vya mgongo, punguza yote. Chuma huvuruga uga, na data iliyovurugwa ni chakula kibaya kwa ulinganifu, kwa CS na kwa mtandao pia. Hapo dakika nne za kawaida ni bora.

Na kama umekaa mbele ya muuzaji leo, usikubali picha za kwenye kompyuta yake. Mpeleke kwenye mashine yako. Mchague mgonjwa mmoja mnene na mmoja mwenye uvimbe mdogo unaojulikana, wote wakiwa wameridhia. Pigeni kila mmoja mara mbili, kwa njia ya zamani na mpya, na daktari wenu azisome bila kuambiwa ipi ni ipi.